Hofu ya kuposti kwa niaba ya taasisi inaanzia ofisini

Msimu wa korosho ukishafunguliwa mwezi Oktoba, kila mnada unapomalizika wakulima wa Tandahimba, Newala na Masasi, mkoani Mtwara, wanataka kujua mambo mawili: bei imekuwaje na hela inaingia lini. Majibu yapo kwenye ofisi ya chama cha msingi, yaani chama cha ushirika cha wakulima wenyewe. Lakini ukifungua ukurasa wa chama mtandaoni utakuta picha ya mkutano mkuu wa mwaka juzi, na baada ya hapo kimya. Habari ya mnada mkulima anaipata kwenye grupu la WhatsApp, imesambazwa na mtu asiyefahamika, imetaja bei ya juu peke yake. Siku ya malipo anakuta pungufu, maana mzigo wa chama chake haukununuliwa kwa bei ile, na makato hayakutajwa popote. Hasira zote zinamwangukia katibu.

Muulize katibu huyo kwa nini hakuposti. Hatasema hajui, kwa sababu simu janja anayo na stetasi yake haikauki picha. Atasema anaogopa. Katika mafunzo tunayotoa huku kusini mwa Tanzania kwa vyama vya ushirika, shule, vituo vya afya na asasi za kiraia, jibu hilo tunalisikia mno. Nawaandikia watu hao, na zaidi nawaandikia wakubwa wao wa kazi.

Wapo wanaoogopa kuchekwa: herufi imekosewa, picha ina giza. Hofu hii huwa kubwa kuliko jambo lenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwavalisha wanafunzi fulana yenye sura ya mwanamuziki Barry Manilow, wakijua wataionea aibu, kisha wakawaingiza kwenye chumba chenye wenzao. Waliovaa walidhani karibu nusu ya waliokuwemo wameitambua sura ile. Walioitambua walikuwa kama robo tu. Na mkulima anayetafuta bei yuko hivyo hivyo, akishaiona bei anaendelea na yake. Majina ya watu na tarakimu ndivyo vya kukagua mara mbili, maana hapo ukikosea unamuumiza mtu.

Wengine wanaogopa sheria, na hawa ni wa kusikilizwa kwa makini. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinaadhibu uchapishaji wa taarifa za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mtu akishasikia milioni 5 anaweka simu chini. Ila kifungu kinamtaja anayechapisha huku akijua kuwa taarifa ni ya uongo, tena akiwa na nia mbaya kama ya kukashifu au kupotosha umma. Katibu aliyenakili bei kutoka kwenye matokeo rasmi ya mnada na kuyahifadhi matokeo hayo kwenye faili yuko mbali na kosa hilo.

Sheria ninayotaka iogopwe zaidi ni ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Habari za afya ya mtu na habari za mtoto ni taarifa nyeti, na zinahitaji ridhaa ya maandishi. Muuguzi anayempiga picha mama akiwa na kichanga kliniki na kuiposti ili kuhamasisha chanjo ana nia njema kabisa, lakini huyo mama anatambulika kijiji kizima. Piga picha ya jengo, ya kadi isiyo na jina, au ya mikono ya muuguzi ikiandaa chanjo. Ujumbe utafika vile vile.

Hofu iliyo kubwa kuliko zote, kwa ninavyoiona, ni ya bosi. Mtumishi akiposti vizuri mara ishirini hakuna anayesema kitu. Akikosea mara moja, skrinishoti inatupwa kwenye grupu la ofisi saa mbili usiku, mbele ya wenzake wote, na swali: "Nani kaweka hii?" Kuanzia siku hiyo ukurasa unageuka kuwa wa salamu za sikukuu na picha za wageni, kwa sababu hayo hayana hatari. Wananchi nao wanaacha kuufungua. Ndugu viongozi, mambo haya yapo mikononi mwenu.

Dawa yake inaenea kwenye karatasi moja. Kaeni muandike yapi mhusika anaposti bila kuuliza: muda wa ofisi, ratiba ya chanjo, matokeo ya mnada yakishatangazwa. Kisha yapi lazima yapite kwa mtu wa pili: malipo, ajali, msiba, mgogoro, jambo lolote la mtoto. Mtajeni huyo mtu wa pili kwa cheo, pamoja na muda anaopaswa kujibu, kwa kuwa posti iliyosubiri idhini siku tatu haina kazi tena. Ukurasa uwe na maadmini wawili na usifungwe kwenye namba ya mtu binafsi, asije akahamishwa akaondoka nao.

Baada ya hapo anza na posti kama hii: "Mnada wa leo. Kilo zilizouzwa, bei ya juu, bei ya chini. Bei hizi ni kabla ya makato. Malipo yakianza kuingia benki tutatangaza hapa." Tia tarakimu, mwenzako asome, weka. Komenti ya kwanza huenda ikawa, "Wezi nyie, mwaka jana mlikata hela zetu za nini?" Matusi yaache yapite. Ndani yake kuna swali la makato, lijibu hilo kwa kuorodhesha kila kato na kiasi chake, na wengine mia wanaosoma bila kuandika watakuwa wamejibiwa. Ukigundua tarakimu imekosewa usifute kimyakimya, maana skrinishoti ipo tayari kwenye simu za watu. Andika "Marekebisho", taja iliyokosewa na iliyo sahihi.

Mazoea haya yajengwe siku za kawaida. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuja pwani yetu na mafuriko yakakata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa, kila mwenye ndugu safarini alikuwa anatafuta habari kwenye simu. Ofisi ambayo haijawahi kuposti hata ratiba yake haiwezi kuanza siku kama hiyo ikaaminiwa.

Na huyo mnayemkabidhi ukurasa mumpe bando la ofisi. Wengi tunaokutana nao wanaposti kwa hela ya mfukoni, na bando likiisha katikati ya mwezi, maswali ya wananchi yanabaki bila jibu mpaka mshahara utoke.