Ziara za historia si za wageni peke yao

Wengi husema, "Nimezaliwa hapa, nitembezwe nionyeshwe nini?" Dhana hiyo inawanyima watu wazima mengi. Unaweza kupita mahali kila siku na usipajue, maana macho huzoea. Mwongozaji mzuri hukusimamisha mbele ya ukuta uleule wa siku zote, akakuonyesha mstari wa chokaa wenye rangi tofauti: hapo palikuwa na mlango, ukazibwa. Ngazi iliyolika upande mmoja huonyesha walikokanyaga watu miaka nenda rudi. Majina ya mitaa nayo huhifadhi kazi zilizokwisha kufa. Tena wenyeji ndio hasa wanaoinogesha ziara. Mzee mmoja kundini akikumbuka nani aliishi ghorofani, hata mwongozaji hutoa kalamu akaandika.