Wavu wa Kunasa Uga wa Sumaku

Ndani ya mota ya umeme, kati ya sehemu inayozunguka na ile iliyotulia, kuna pengo la hewa ambalo katika mota nyingi ndogo halifiki milimita 1. Nguvu yote inayozungusha shafti hupita hapo. Mota ikishafungwa, si rahisi kupenyeza kifaa cha kupimia mle bila kuharibu kitu. Hata hivyo, mhandisi hutakiwa ajue nguvu ya uga wa sumaku katika pengo hilo kabla chuma hakijakatwa. Anajuaje?

Tuanze na umbo jepesi. Chukua kiini cha chuma kilichopindwa kama herufi C, chenye pengo la milimita 1, kikiwa kimezungushiwa waya mizunguko 500 unaopitisha mkondo wa ampea 1. Hesabu ya mkono inatupa karibu tesla 0.63 katika pengo (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku), yaani karibu mara elfu kumi ya uga wa Dunia pale ulipo na nguvu zaidi. Lakini hesabu hiyo imejengwa juu ya dhana mbili: kwamba chuma hakiupingi uga hata kidogo, na kwamba uga unavuka pengo ukiwa umenyooka. Dhana zote mbili si kweli. Kingoni mwa pengo uga hutuna kwenda nje, na chuma cha mashine za umeme kikikaribia tesla 2 hushiba, kisikubali kuongezewa ila kwa shida. Ukiingiza meno na mifereji ya mota halisi, hakuna fomula ya mkono itakayokuvusha.

Sheria zenyewe tunazo tangu James Clerk Maxwell alipoziweka pamoja katika miaka ya 1860. Kigumu ni kuzitatua ndani ya umbo lililojaa kona, na hapo ndipo wavu unapoingia.

Tunaligawa eneo lote, chuma, shaba na hewa, katika pembetatu ndogondogo zinazogusana bila kuacha mwanya. Pale pembe zinapokutana ni vifundo vya wavu. Kila pembetatu huitwa elementi, na njia nzima huitwa elementi finiti, kwa kuwa vipande hivyo vina ukubwa halisi na idadi yenye kikomo. Mtaalamu wa hisabati Richard Courant alionyesha wazo la kutumia pembetatu mwaka 1943. Jina lilikuja mwaka 1960 kwa Ray Clough, mhandisi wa ujenzi wa Marekani, na mwaka 1970 watafiti Silvester na Chari waliitumia njia hii kwa sumaku zenye chuma kinachoshiba.

Kompyuta haiutafuti uga moja kwa moja. Hutafuta kwanza kiasi kinachoitwa potensheli vekta, ambacho mteremko wake ndio uga. Ndani ya kila pembetatu tunakubali kwamba potensheli hubadilika kama ubao bapa ulioinamishwa. Kisha kompyuta huchagua thamani za vifundo vyote kwa pamoja, ili nishati ya mfumo, kwa mkondo ule uliopo, iwe ndogo iwezekanavyo. Kila kifundo kinahusiana na majirani zake tu, kwa hiyo jedwali la milinganyo, hata likiwa na safu laki kadhaa, limejaa sifuri, na kompyuta ya kawaida hulimudu. Kwa chuma kinachoshiba, hesabu hurudiwa mara kadhaa, kila mara sifa ya chuma ikirekebishwa kulingana na uga uliopatikana, hadi majibu yatulie.

Angalia tulichokubali hapo: ubao bapa una mteremko mmoja tu. Basi kila pembetatu ina thamani moja ya uga, kutoka ukingo hadi ukingo. Uga ukibadilika ndani ya eneo lililofunikwa na pembetatu moja, wavu umeupoteza, sawa na wavu wa macho makubwa unaopitisha dagaa.

Kwa sababu hiyo ufundi wote uko katika kuamua wapi macho yawe madogo. Katika pengo la mota mimi sikubali chini ya tabaka tatu za pembetatu, kwa kuwa nguvu ya kuzungusha hukokotolewa kutokana na uga wa pale, na kosa dogo la uga huzaa kosa kubwa katika nguvu hiyo. Penye mkondo wa kubadilika, tazama kina cha upenyaji, yaani umbali ambao uga huingia ndani ya metali kabla ya kufifia. Kwa hezi 50, uga huingia milimita 9 hivi katika shaba, lakini katika chuma cha kipande kimoja, kisichokatwa mabamba, unaweza kuishia milimita 1. Pembetatu ya milimita 5 hapo itameza tukio zima. Mbali na mashine, hewani, macho makubwa yanatosha. Ila hewa yenyewe haina mwisho, nasi hatuna budi kuikata mahali. Wengi huweka mpaka kwenye umbali wa takriban mara tano ya nusu kipenyo cha kifaa.

Programu za bure kama FEMM, inayokokotoa uga, na Gmsh, inayotengeneza wavu, zimeliweka jambo hili mikononi mwa kila mwanafunzi, nami nalifurahia sana. Ninachokihofia ni picha za rangi. Wavu mbovu nao hutoa picha ya kupendeza, nyekundu hapa na buluu pale, na jicho huridhika upesi. Kabla ya kuamini tarakimu yoyote, punguza pande za pembetatu kwa nusu, ukokotoe tena. Kwa pembetatu za kawaida, kosa la uga hupungua kwa nusu hivi, na la nishati kufikia robo. Jibu lisipotulia, wavu bado.

Kuna mahali halitatulia kamwe: kwenye ncha kali ya kona ya chuma. Katika hesabu isiyozingatia kushiba, uga wa hapo hauna kikomo, na kila ukiongeza pembetatu, thamani ya juu inazidi kupanda. Anayeripoti thamani hiyo anaripoti ukubwa wa pembetatu zake. Izungushe kona kidogo, kama ilivyo katika chuma halisi.

Wala wavu hauwezi kurekebisha data mbaya ya chuma. Bamba likishakatwa kwa mashine ya kubonyeza, sifa zake za sumaku hudhoofika karibu na ukingo, na jedwali la kiwandani huenda halisemi hivyo.

Turudi kwenye kiini chetu cha C. Tuseme njia ya uga ndani ya chuma ni milimita 200, na chuma hicho hupitisha uga mara 2000 kuliko hewa. Ni kama kuongeza milimita 0.1 kwenye pengo, kwa hiyo tesla 0.63 zinashuka hadi karibu 0.57. Kompyuta ikikupa 0.55 au 0.58, mnaelewana. Ikikupa 0.9, usiuguse wavu kwanza. Hesabu upya mizunguko ya waya, kisha kagua kama mchoro uliingizwa kwa milimita na programu ikausoma kwa kipimo kingine.