Mödlareuth: Ukuta ulibomolewa, mpaka bado upo

Tangu likizo zianze malalamiko ya wanakijiji wa Mödlareuth, kijiji cha Ujerumani kilichokatwa katikati na mpaka na ukuta, yamekuwa mengi mno, ndo maana dawati letu la elimu kwa umma limeona tuwaandikie Waswahili mnaoishi Ujerumani, wanafunzi, manesi, madereva, na nyie mnaokuja kutembelea ndugu. Wageni wanaingia uani kwa watu kupiga selfi, wengine wanapanda juu ya ukuta, kuna aliyerusha droni asubuhi ya Jumapili juu ya mapaa ya watu waliolala. Na kwenye magrupu ya WhatsApp inazunguka voisi inayosema eti ukivuka kale kamto ka katikati ya kijiji unatakiwa uwe na kibali. Hakuna kibali. Tumeshajibu hili mara nyingi mpaka tumechoka. Najua hamna nia mbaya, ila tuwekane sawa.

Mödlareuth ni kakijiji ka watu wasiofika 60, kaskazini ya mji wa Hof, barabara kuu za A9 na A72 zinapita jirani. Mashamba, miti ya misonobari, nyumba chache zenye mapaa ya mteremko, bwawa, basi. Katikati inapita Tannbach, ambao kuuita mto ni kuupa cheo, mtu mzima anauruka bila kulowa. Upande wa kusini wa huo mfereji ni jimbo la Bayern, upande wa kaskazini ni Thüringen. Mtu wa Namanga ataelewa bila kuchorewa ramani.

Sasa hapa ndo watu wengi wanachanganya. Kila mgeni anakuja anajua mpaka huu uliwekwa na Warusi na Wamarekani baada ya vita. Siyo! Mawe ya mpaka yaliwekwa mwaka 1810, upande mmoja ufalme wa Bayern na upande wa pili utawala mdogo wa Reuss, na mawe yenyewe yana herufi KB (ufalme wa Bayern) na FR (utawala wa Reuss) mpaka leo, kayaangalieni. Kwa zaidi ya miaka 100 mpaka huo haukumuumiza mtu kichwa. Shule na baa zilikuwa upande wa Thüringen, kanisani wote walikwenda Töpen upande wa Bayern, watu walioana, walikopeshana majembe, kodi kila mmoja alipeleka kwake. Falme zilipoanguka baada ya vita ya kwanza ya dunia, Reuss ikamezwa na Thüringen mwaka 1920, mstari ukabaki palepale.

Shida ilianzia kwenye karatasi. Septemba 1944, vita haijaisha, Wamarekani, Waingereza na Wasovieti walikaa London wakakubaliana watagawanaje Ujerumani, na badala ya kuchora mistari mipya wakafuata mipaka ya kiutawala iliyokuwepo tayari. Waliokaa pale meza moja sidhani kama kuna aliyewahi hata kulisikia jina la Mödlareuth. Wamarekani waliingia Aprili 1945, Julai Wasovieti wakachukua Thüringen, na kamto ka kuruka kakawa mpaka wa kanda mbili, halafu 1949 wa nchi mbili, Ujerumani Magharibi upande wa Bayern na Ujerumani Mashariki upande wa Thüringen.

Mei 1952 serikali ya Ujerumani Mashariki ikatoa amri, na hii nawaeleza taratibu maana wengi mnadhani kulikuwa na ukuta tu. Kwanza mstari wa mita 10 kutoka mpakani, umelimwa na kusawazishwa ili nyayo zionekane, ukikanyaga unaweza kupigwa risasi. Halafu eneo la mita 500, halafu eneo la kilomita 5, huko kote huingii bila kibali, na hata mkazi alikuwa na muhuri kwenye kitambulisho chake. Waliohesabiwa kuwa hawaaminiki walihamishwa kwa nguvu mwaka huohuo, unapewa muda mfupi ufunge mizigo na unapelekwa bara. Pale kijijini ukajengwa uzio wa mbao mrefu kumzidi mtu, baadaye ikaja seng'enge, na mwaka 1966, miaka 5 baada ya ule ukuta wa Berlin, ukasimama ukuta wa zege wa mita 700 hivi, kimo mita 3 na ushee. Wamarekani wakapaita Berlin ndogo.

Upande wa Bayern watalii walikuja kushangaa. Upande wa mashariki mkazi alikatazwa hata kupunga mkono. Yaani dada yako yuko ng'ambo, unamwona anaanika nguo, anakupungia, na wewe unainamisha kichwa unaendelea na kazi kwa sababu askari yuko mnarani na darubini. Tena jambo wageni hawalijui, ukuta ulijengwa ndani ya ardhi ya mashariki, haukuwa juu ya mstari wenyewe, kwa hiyo mtu wa magharibi akivuka maji tu alishaingia nchi nyingine hata kama ukuta bado uko mbele yake, na angeweza kukamatwa. Aliyefanikiwa kuutoroka ukuta huu kwa ngazi alikuwa mtu mmoja tu, mwaka 1973. George Bush mkubwa alikuja Februari 1983 akiwa makamu wa rais wa Marekani, akasimama upande wa Bayern akautazama.

Desemba 9, 1989, mwezi mmoja baada ya ukuta wa Berlin kufunguliwa, kikafunguliwa kivuko cha waenda kwa miguu. Juni 17, 1990 katapila likaja kuangusha ukuta, ukaachwa kipande cha kama mita 100 pamoja na mnara, ambacho ndo makumbusho ya leo.

Ukuta ndo ulioondoka. Mpaka wa 1810 uko hai, ni mpaka wa majimbo. Nyumba za kusini ziko chini ya Töpen, wilaya ya Hof, namba ya posta 95183, namba ya eneo ya simu 09295, gari linaandikwa HO. Za kaskazini ziko chini ya Gefell, wilaya ya Saale-Orla, posta 07926, simu 036649, gari SOK. Januari 6 na Novemba 1 kusini ni sikukuu, kaskazini wako kazini. Oktoba 31 mambo yanageuka. Asubuhi kusini utasikia Grüß Gott, kaskazini Guten Tag.

Kutembea unavuka mara 100 kwa siku ukitaka. Kuhamia ni kitu kingine. Ukipanga chumba ng'ambo ya maji, hata kama ni hatua 20 kutoka ulipokuwa, umehama jimbo, na una wiki mbili kufanya Anmeldung, yaani kusajili anwani yako mpya, kwenye ofisi ya upande mpya. Unabeba pasi, kadi ya ukaazi, na barua ya mwenye nyumba iliyosainiwa, mkataba wa pango peke yake hautoshi, tafadhali msije mkabishana na karani. Ukichelewa faini inaweza kufika euro 1,000. Faili lako la uhamiaji nalo linahama wilaya. Gari unaruhusiwa kubaki na namba ileile lakini anwani kwenye kadi lazima ibadilishwe. Na wale waliopewa hifadhi wenye sharti la kukaa jimbo fulani kwa miaka 3, kutembelea sawa, kuhamia ng'ambo bila sharti kubadilishwa msijaribu. Kesi ya mtu mmoja mmoja siwezi kuisemea hapa, muoneni mshauri.

Kuhusu ukuta wenyewe. Kubanjua kipande cha zege uende nacho nyumbani, au kuandika jina lako na la mchumba, ni kuharibu mnara wa kumbukumbu, kifungu cha 304 cha sheria ya jinai, kifungo mpaka miaka 3 au faini. Kuingia ua wa mtu uliozungushiwa uzio ni kifungu cha 123, mpaka mwaka 1 au faini, na "sikujua kama kuna mtu anaishi" haisaidii, nguo zimeanikwa pale unaziona. Droni yenye kamera ni lazima mmiliki asajiliwe, namba ya usajili ibandikwe, iwe na bima, isipande zaidi ya mita 120, na juu ya nyumba za watu uwe na ruhusa yao. Faini za anga zinaweza kufika euro 50,000. Sijakosea sifuri.

Na la mwisho, mkipata dharura mkapiga 112, msiseme tu "tuko Mödlareuth". Semeni mko upande gani, Töpen au Gefell, na namba ya nyumba iliyo karibu.