Je, wajua kwa nini mtu huandika habari zake mwenyewe?

Pale Mwaloni, soko la samaki na dagaa la Kirumba jijini Mwanza, daftari la muuza dagaa huanza kuwa la madeni. Fulani kachukua madebe mawili, fulani kalipa nusu. Miezi ikisogea, mengine hupenya: leo mvua, dagaa wamelowa, mtoto kashikwa na homa, shemeji kanuna tena. Hakuna aliyemtuma, wala halipwi. Sasa anaandika ya nini?

Faida ya kwanza ni ya mfukoni. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti, kwa hiyo mitumbwi hupumzika. Mwenye daftari huona kwamba ukata wake hurudi na mwezi mpevu. Asiyeandika hudhani ana mkosi.

Halafu kuna kumbukumbu, ambayo ni laghai kuliko tunavyopenda kukiri. Kila tunapokumbuka jambo, ubongo huliunda upya na kulichanganya na tunayoyajua leo. Daraja la Kigongo–Busisi, linalovuka Ziwa Victoria mkoani Mwanza, lilifunguliwa Juni 2025. Muulize mtu zama za kusubiri kivuko, atakujibu, “Tuliteseka,” basi. Aliyeandika siku ileile ana zaidi ya hapo: mayai ya kuchemsha yaliyouzwa dirishani mwa basi, abiria waliofahamiana wakingoja, harufu ya dizeli.

Lakini sababu nzito, kwa maoni yangu, ni kifua kujaa. Mwaka 1986 wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu. Waliandika dakika 15 kwa siku 4 mfululizo, baadhi yao mambo ya kawaida, wengine jambo lililowaumiza. Walioandika machungu walimaliza wakiwa na huzuni zaidi kuliko walipoanza! Hata hivyo, katika miezi iliyofuata, wale walioeleza tukio pamoja na walivyojisikia walikwenda kituo cha afya cha chuo mara chache kuliko wenzao. Tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa nafuu hiyo ni ndogo, tena si ya kila mtu. Maelezo moja ni kwamba uchungu ukiwa kichwani huzunguka tu, ila sentensi hudai mpangilio: nani alifanya nini, kipi kilitangulia, kipi kilifuata.

Je, lazima anayeandika asomwe? Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha riwaya yake ya Kikerewe mwaka 1945, akitaka mila za watu wake zisipotee. Hakupata mchapishaji. Akaitafsiri yote kwa Kiswahili mwenyewe, na ilitoka mwaka 1980, miaka 35 baadaye. Hakuhitaji msomaji ili aandike, ila hakuacha kumtafuta.

Hapo ndipo wengi wanaoyaanika maisha yao mbele ya wasomaji wasiowafahamu wanapofanana naye. Ukimweleza shangazi kwamba ndoa inayumba, kesho kuna kikao cha ukoo. Msomaji wa Tanga au Kigoma hana kikao cha kuitisha. Mara nyingi jibu lake ni fupi tu, “hata mimi yalinikuta,” na mwandishi hupata alichokuwa akikitafuta, bila shangazi kujua lolote.