Ukifika bustanini, angalia chini kwanza

Mgeni akiniuliza aanzie bustani gani hapa Unguja, namwambia Forodhani, lakini aende saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jioni pale ni mishikaki, urojo, juisi ya miwa na vijana wanaoruka makachu, yaani kujirusha baharini. Raha yake naijua na naipenda. Ila mimi ni mtu wa udongo, kazi yangu kuchimba na kupanda, na asubuhi ndipo unapopata nafasi ya kuinama ukatazama unachokanyaga.

Pale chini hapakuwa shamba. Palikuwa na forodha, ndiyo asili ya jina, na treni ya Bububu ilikuwa ikianzia hapohapo karibu na Ngome Kongwe. Ardhi iliyoshindiliwa namna ile, bahari ikiwa hatua chache mbele, haimkubali kila mti. Bustani ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, na kila niipitapo naangalia zaidi miti kuliko mabenchi. Chumvi inayopeperushwa na upepo huchoma majani laini kuanzia ncha. Anayestahimili ni mkungu, mwenye jani nene kama ngozi, na mvinje, ambaye kinachoonekana kama jani ni kijitawi chembamba kama uzi.

Kutoka hapo fuata ufukwe kuelekea bandarini mpaka Mtini. Mti ule mkubwa ulipandwa mwaka 1911, enzi za Sultani Khalifa bin Haroub, na kivuli chake peke yake ni bustani kamili. Tazama mizizi inavyoning'inia kutoka matawini. Ikigusa ardhi hunenepa ikawa nguzo. Mti huu umedumu kwa sababu umepata pa kupumulia.

Nasema hivyo kwa uchungu. Mwenye nyumba moja ya wageni aliwahi kuniita nimtibie mwembe wake uliokuwa unakauka juu. Nikakuta ua mzima umemwagwa saruji hadi kwenye shina. Mizizi inataka hewa kama sisi, na maji ya mvua yalikuwa yanateleza yote kwenda mtaroni. Tulivunja saruji, lakini tulichelewa. Mwembe ule ulikuwa na umri mkubwa kuliko mwenye nyumba mwenyewe. Tafadhali, ukijenga, uache mti na duara lake la udongo.

Vuga kuna Bustani ya Victoria, ambayo Sultani Hamoud aliwapa wananchi mwaka 1899. Ni ndogo, ipitie tu ukitafuta utulivu. Mnazi Mmoja ni uwanja wa mpira na wa Sikukuu, na zamani upande ule ulikuwa mkono wa bahari uliokuja kufukiwa. Bahari haijasahau: bamvua likiwa kubwa, maji ya chumvi bado hupenya. Usishangae nyasi zikiwa na mabaka.

Sasa toka Mjini. Upande wa magharibi wa kisiwa ndio wenye udongo wa kina, kinongo chekundu na kichanga, ndiyo maana karafuu ziko huko. Msitu wa Masingini, juu ya Bububu, uko kwenye mgongo wa kilima, na kazi yake kubwa ni kunywesha chemchem. Mvua inadondoka kwenye majani, inatua taratibu juu ya majani makavu yaliyodondoka chini, inazama. Sultani Barghash alipoleta maji ya mabomba Mjini, aliyatoa Chemchem ya Bububu. Nenda Masingini, shika konzi ya udongo chini ya miti, ubane: unashikana, una ubaridi, unanuka mvua.

Ukienda kusini-mashariki unaingia maweni, jiwe la matumbawe lenye udongo wa kujaza mifuko ya jiwe tu. Katikati ya ukavu huo kuna Jozani, hifadhi ya taifa tangu 2004, pamoja na Ghuba ya Chwaka. Msitu mrefu umepata wapi nguvu? Maji ya chini ya ardhi yako karibu sana, na masika msitu hufurika. Miti ya mitondoo inayapenda maji hayo. Kima punju, wale kima wekundu wa Unguja, utawaona karibu na barabara. Wasilishwe wala wasiguswe. Wamewahi kuonekana wakila makaa ya tanuri, yanayowasaidia kumeng'enya majani yenye sumu kama ya miembe na mikungu.

Usiondoke bila kuvuka kwenda kwenye mikoko ya Pete, kwenye njia ya mbao. Chagua maji yanapokupwa, ili uone mizizi ya mkoko ilivyosimama kama miguu ya kaa. Kisha mtafute mchu, aina nyingine ya mikoko, ambaye mizizi yake hutokeza topeni kama penseli. Siku ya jua, pitisha kidole taratibu juu ya jani lake bila kulichuma, halafu ukionje. Ni chumvi. Mchu huinyonya pamoja na maji, kisha huitoa kupitia jani, na chembe zake utaziona ziking'aa kwa macho matupu.