Pipa la Mboji Huanza na Majani Makavu

Mtu anayeamua kutengeneza mboji nyumbani kwa kawaida hutafuta pipa kwanza, na siku hiyohiyo akaanza kumwaga humo maganda ya matunda na mabaki ya mboga. Wiki mbili au tatu baadaye pipa linanuka, nzi wamejaa, maji meusi yanachuruzika chini, na mwenye bustani amekata tamaa. Nimeitwa mara nyingi kuangalia mapipa ya namna hiyo, na karibu kila mara kosa ni lilelile: mabaki mabichi yamerundikwa peke yake bila chochote kikavu cha kuchanganya nayo. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza hauhusu pipa. Kusanya kwanza magunia mawili au matatu ya majani makavu, yaweke mahali pasiponyesha, na hapo ndipo uanze.

Sababu yake iko katika viumbe wanaofanya kazi hiyo. Bakteria na kuvu wanaoozesha mabaki huhitaji kaboni ili wapate nguvu na naitrojeni ili wajenge miili yao, na hustawi zaidi chakula chao kinapokuwa na kaboni mara 25 hadi 30 ya naitrojeni. Mabaki ya mboga huwa na kaboni mara 15 hadi 20 tu, na kinyesi cha kuku takriban mara 10, ilhali majani makavu hufikia mara 40 hadi 80 na vumbi la mbao hupita mara 200. Naitrojeni ikizidi, huruka kwenda hewani ikiwa gesi ya amonia, ile harufu kali inayochoma pua, na rutuba uliyokusudia kuipeleka kwenye mimea inapotea nayo. Kaboni ikizidi, lundo halinuki ila hukaa miezi mingi bila kubadilika. Hakuna haja ya mizani: kwa kila ndoo moja ya mabaki mabichi weka ndoo mbili hadi tatu za majani makavu, mabua yaliyokatwakatwa au boksi lililochanwa vipande. Vumbi la mbao litumike kidogo tu, kwa kuwa hushikamana na kuziba hewa.

Pipa lenyewe si lazima liwe la gharama. Mbao zilizopigiliwa kwa kuachiana nafasi, wavu uliokunjwa duara, au pipa kuukuu lililokatwa kitako na kutobolewa matundu ubavuni, vyote vinafaa, mradi pipa halikuwahi kubeba kemikali na mbao hazikupakwa dawa ya sumu. Ukubwa ndio wa kuangaliwa, kwa sababu lundo lenye mita moja kila upande hutunza joto lake, na dogo kuliko hapo hupoa haraka, ingawa nalo huoza polepole. Liweke juu ya udongo mtupu ili maji yapite na minyoo ipande, penye kivuli, mbali na kisima. Kama panya ni tatizo, tandika chini wavu mgumu wenye matundu madogo.

Chini kabisa panga vijiti vinene kwa kina cha sentimita 10 hadi 15, ili hewa iingie kutoka chini, kisha anza tabaka za vikavu na vibichi, kila kitu kikiwa kimekatwa vipande vifupi. Kila unapomwaga mabaki ya jikoni, yafunike papo hapo kwa majani makavu. Tendo hili dogo ndilo linalozuia nzi na harufu kuliko jambo jingine lolote nijualo. Unyevu hupimwa kwa mkono: kamata konzi moja, iminye kwa nguvu, na yakitoka matone mawili matatu, unyevu unatosha. Maji yakitiririka, ongeza vikavu na ugeuze. Konzi ikimomonyoka, nyunyiza maji. Dawa za kuharakisha kuoza si za lazima, kwani koleo moja la mboji ya zamani au udongo wa bustani lina vijidudu vya kutosha.

Nyama, samaki, vyakula vya maziwa na mafuta visiingie, kwa kuwa huvuta panya. Kinyesi cha mbwa na paka kinaweza kuwa na mayai ya minyoo inayowadhuru binadamu, nacho kikae mbali kabisa. Majivu ya kuni yawekwe machache, kwa kuwa hupunguza asidi kupita kiasi. Ninalolihofia zaidi ni nyasi au samadi kutoka mashamba yaliyopuliziwa viua magugu: baadhi ya dawa hizo hazivunjiki ndani ya lundo, na mboji yake hukunja majani ya nyanya na maharage muda mrefu baadaye. Usipojua nyasi zilikotoka, ziache.

Lundo lililochanganywa vizuri hupata moto ndani ya siku chache. Choma fimbo katikati, iache kwa dakika chache, kisha uichomoe na kuishika. Ikiwa ya moto, vijidudu viko kazini. Joto la nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi likidumu siku tatu au zaidi huua vimelea vingi na mbegu nyingi za magugu, lakini likipita 70 huwaua hata vijidudu tunaowategemea, na hapo geuza upesi. Fimbo ikipoa, geuza pia, ukipeleka ya nje ndani, maana joto hushuka oksijeni inapokwisha, na harufu ya mayai yaliyooza ni dalili kwamba imekwisha. Mapipa madogo ya nyumbani mara nyingi hayafikii nyuzi 55, hivyo magugu yenye mbegu na mimea yenye magonjwa isitiwe humo.

Lundo linalogeuzwa hukamilika kwa miezi 3 hadi 6, na lisiloguswa huweza kuchukua mwaka. Mboji iliyoiva ni nyeusi, inanukia udongo, na haipati moto tena hata ikigeuzwa. Ukiwa na shaka, funga konzi moja yenye unyevu ndani ya mfuko kwa wiki moja. Ikitoa harufu mbaya unapoufungua, bado. Mboji changa hunyang'anyana naitrojeni na mizizi, na majani ya mimea hugeuka manjano. Iliyoiva tandaza sentimita 2 hadi 5 juu ya tuta, au changanya isizidi theluthi moja ya udongo wa miche. Ilowanishe kidogo kabla ya kuichekecha, kwa sababu vumbi lake lina kuvu na bakteria wanaoweza kudhuru mapafu, na mwenye pumu avae barakoa. Vijiti na vipande vitakavyobaki juu ya chekeche virudishwe pipani viwe chachu ya lundo linalofuata.