Ardhi ya Pwani ya Kenya: dhana potofu na ukweli kuhusu yaliyobaki baada ya uhuru

Dhana: Skwota wa Pwani, yaani anayeishi kwenye ardhi asiyo na hati yake, ni mvamizi wa shamba la mtu mwingine.

Ukweli: Huko Kilifi na Kwale, wengi wanaoitwa maskwota wanaishi palipo na makaburi ya babu zao. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwataka wote wenye ardhi katika ukanda wa pwani wa maili 10, uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar lakini ukitawaliwa na Mwingereza, wapeleke madai yao kwa msajili, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Mwarabu, Mswahili au Mhindi mwenye hati aliweza kudai. Mgiriama au Mdigo, mwenyeji wa Pwani ambaye ardhi yake ilikuwa ya mbari nzima, hakuwa na nafasi katika sheria iliyomtambua mmiliki mmoja mmoja. Akawa mgeni pale pale alipozaliwa.

Athari zake zinaonekana hata kwenye miti. Katika mashamba mengi skwota huachiwa alime mahindi na mihogo, lakini hukatazwa kupanda mnazi au mkorosho, kwa kuwa mti wa kudumu unaweza kuwa ushahidi wa madai. Mombasa nako kuna "nyumba bila ardhi": kuta na paa ni vyako, kiwanja ni cha mwingine unayemlipa kodi, na benki haipokei nyumba ya namna hiyo kuwa dhamana ya mkopo.

Dhana: Bendera ya Mwingereza iliposhushwa, hati zake nazo zilikufa.

Ukweli: Zilikingwa. Mnamo Oktoba 1963, ukanda ule wa pwani ulipokuwa ukitoka kwa Sultani wa Zanzibar kuingia Kenya, Jomo Kenyatta, wakati huo Waziri Mkuu, aliahidi kwa maandishi kwamba hati za umiliki wa kudumu zilizokwisha kusajiliwa zitaendelea kutambuliwa. Huko bara nako hati hazikufutwa, bali mashamba ya walowezi yalinunuliwa, kwa sehemu kubwa kwa mikopo ya Uingereza na Benki ya Dunia, na mkulima aliyepewa kipande akadaiwa bei yake.

Dhana: Ukoloni ni kisingizio tu, makosa yote ni ya viongozi wetu.

Ukweli: Hapa pana nusu ya ukweli, na si nusu ndogo. Ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa wenye ukaribu na watawala kinyume cha sheria. Hata hivyo, mamlaka ya kugawa ardhi hiyo hayakubuniwa na viongozi hao, kwani yalikuwa ya gavana, yakahamia kwa Rais, na kilichobadilika zaidi ni jina: ardhi ya Mfalme ikawa ardhi ya Serikali. Katiba ya 2010 ilikabidhi usimamizi wa ardhi ya umma kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi na kumwekea asiye raia kikomo cha ukodishaji wa miaka 99. Hati ya umiliki wa kudumu iliyotokana na sheria ile ya 1908, ikiwa mkononi mwa raia, ingali halali.